Punje Tano Nyeupe

Jumapili, tarehe 10 mwezi wa kenda

Guylain wangu atajua jina la rais mbele nchi haijapiga kura. Nimeanza na hiyo kwa sababu sikuweza kuizuia mdomoni. Sasa njo nasalimia: kaye, habari yako. Mimi ni Godelieve, mama ya Guylain, wa hapa Kalembe, pale Masisi inapoishia na Walikale inapoanza. Nilisoma hadi mwaka wa pili wa sekondari, na mwandiko wangu ni muzuri. Masista walikuwa wakinipa barua zao nizinakili.

Mutoto wangu anamaliza masomo ya hesabu za watu kule iniversite ya Goma. Profesere wao, Papa Kataliko, ana wanafunzi wa kila jimbo, na amewapa kazi inayoitwa sondaje. Hawaulizi nchi nzima. Wanauliza watu wachache wa kila jimbo, wanapima kila jimbo kwa wingi wa watu wake, kisha wanajumlisha jimbo kwa jimbo, na mwisho jina la rais linatoka. Guylain amepewa upande wetu, Masisi na Walikale. Lakini masomo yamemufunga na barabara iko mubaya, njo maana aliniita kwa simu akasema, "Mama, wewe utakuwa macho yangu." Alituma kwa mutu wa moto, yaani pikipiki, bahasha ya vikaratasi vya rangi tatu, fishi za kuandika, na hii kaye. Nitaandika kila siku, hata mustari moja, yote nitakayoona na yote watu watasema, hata kama ni upuuzi.

Kisha misa niliwaambia wamama uwanjani. Kyakimwa wa duka, ule wa kutoka Butembo, akauliza, "Sasa sisi tutapiga kura ya nini, kama mutoto wako amekwisha kujua?" Wakacheka. Nikamujibu kwamba hesabu ya iniversite haipimwe kwa mizani ya chumvi. Wakacheka zaidi, na mimi pia.

Jumanne, tarehe 12

Nimesoma maagizo mara tatu. Kila rangi ni mugombea mumoja. Majina yao siandiki, Guylain amekataza. Mutu anaingia nyuma ya kitambaa, anaweka karatasi moja ndani ya bido, dumu ya mafuta iliyofungwa, zile mbili anatupa ndani ya kikapu. Hakuna anayeona. Mutoto amefikiri vizuri. Watu wa hapa, ukiwauliza usoni, watakujibu kile wanaona unapenda.

Alhamisi, tarehe 14

Mvua imenikuta kwenye daraja ya miti, nikitoka kuhesabu nyumba za ng'ambo. Nilifungua mufuko nyumbani nikakuta rangi zote zimeingiana. Karatasi zote zimekuwa za rangi moja, rangi ya matope. Nililia kidogo.

Kisha akili ikaja. Kwa nini karatasi? Maharagi ina rangi. Nimeweka mafungu matatu juu ya mukeka. Nyeusi ndogo, ile ya mwaka juzi iliyotobolewa na wadudu, hiyo nimemupa mugombea ambaye mimi mwenyewe simupendi. Njano, ya kupika, nimemupa wa katikati. Na yule moyo wangu unamutaka, nimemupa mbegu yangu nyeupe, ile kubwa inayopanda juu ya miti, aliyoniletea kaka yangu kutoka Masisi mbele njia haijafungwa. Hapa Kalembe hakuna mwingine mwenye mbegu hiyo. Mutu mukubwa lazima apewe kitu kikubwa.

Punje moja moja niliona ni haya, ni kama kumupa mugeni kijiko kitupu. Nimeamua tano tano kwa kila rangi. Na zile mbili zinazobaki hazitaenda kikapuni. Kila mutu atarudi nazo kwake, kama asante. Mama ya Guylain haiti watu wakarudi mikono mitupu.

Bwana yangu Hilaire alisimama mulangoni akaangalia. Yeye ni mutu wa Walikale, wa pori, maneno yake ni ya kuhesabu. Aliuliza kama Guylain anajua. Nimemwambia kesho nitapanda kwenye rezo, pale simu inaposhika.

Ijumaa, tarehe 15

Nimepanda kilima cha makaburi, njo rezo iko huko. Nikamwambia karatasi zimeloa, nimetumia maharagi. Akacheka hadi nikasikia wenzake wakimuuliza nini. Akasema, "Rangi ni rangi, mama. Wewe ulipaswa kuwa mwalimu wetu." Yale ya punje tano na ya asante sikumwambia. Simu ilikuwa inakufa, na neno lile la mwalimu nilitaka kushuka nalo likiwa zima.

Jumatatu, tarehe 18

Tumeanza. Watu 41. Walipanga mustari kama siku ya ubatizo.

Jumanne, tarehe 19

Watu 52. Mvua kisha saa sita.

Jumatano, tarehe 20

Leo zamu ya wakimbizi wa Masisi wanaokaa nyuma ya shule. Hawa vita iliwakimbiza, hawakuandikwa, siku ya kura watakaa tu. Guylain alisema nao waulizwe, kwa sababu nao ni watu wa zone.

Mukandori, mujane mwenye watoto wane, alishika zile punje kumi na tano katika viganja viwili. Aliuliza, "Mama Guylain, zile hatuweke ndani ni zetu kabisa?" Nikamwambia ni zake, na salamu za mutoto wangu juu. Alikaa sana nyuma ya kitambaa. Alipotoka alinishukuru kwa mikono yote miwili, akaninyenyekea, na mimi nikafikiri: ona namna watu wanaheshimu masomo.

Jumamosi, tarehe 23

Tumefika 240, njo hesabu aliyotaka. Tulimwaga bido juu ya mukeka, mimi na Hilaire, tukagawa tano tano. Nyeusi 171. Njano 48. Nyeupe 21.

Nimehesabu mara mbili. Yule simupendi amepita wote. Hilaire alishika punje moja iliyotobolewa, akaiangalia kwenye mwanga. Akasema, "Watu wa hapa wanamupenda huyu? Tangu lini?" Nikamujibu kwamba sayansi haimuulize yeye. Lakini nilishangaa. Nilijiambia: njo maana wanasoma, ili kujua kile sisi tunaoishi nao hatujui.

Jumapili, tarehe 24

Nimemusomea hesabu kwa simu. Akaomba nirudilie. Kisha akauliza, "Mama, uliona yote na macho yako?" Nikajibu ndiyo. Na kweli niliona.

Mvua ya kupanda imeanza. Kila mutu yuko shambani.

Alhamisi, tarehe 28

Kupanda.

Jumapili, tarehe 1 mwezi wa kumi

Nimewaambia wamama kwamba kazi ya Guylain inazungumzwa na maprofesere watatu. Alisema wawili. Wa tatu atakuja tu.

Alhamisi, tarehe 5

Hilaire anasema watu wanakata miti mirefu kando ya muto. Sijui wanajenga nini.

Jumatatu, tarehe 9

Tena ile miti. Leo nimepishana na wamama sita wakiibeba kichwani. Wote wamenisalimia kwa furaha isiyo ya kawaida.

Jumatano, tarehe 11

Nitaandika yote, kwa sababu aliniambia niandike yote.

Asubuhi Mukandori alikuja kuomba panga. Nikamuuliza anajenga nini. Akasema hajengi, anataka miti ya maharagi. Nikacheka, nikamwambia maharagi ya hapa ni ya chini, haipandi miti. Akasema, "Ile yako inapanda, mama. Inapanda sana. Watoto wanaihesabu kila asubuhi mbele ya kunawa uso."

Nikauliza yangu gani.

"Ile ya kura."

Nikamufuata. Nyuma ya hema yake, mahali hapatoshi mbuzi wawili kulala, kuna maharagi ine, kila moja na fimbo yake, shina lina wekundu chini kama mbegu ya kaka yangu. Ya tano kuku alifukua. Mukandori aliniambia ya kuku akiwa na huzuni, kama mutu anayeomba radhi.

Nikamuuliza pole pole, "Wewe ndani ya bido uliweka gani?"

Akaniangalia kama mutu aliyeulizwa jembe linashikwa upande gani. "Niliweka zile za wadudu. Ulisema tuweke fungu moja, tubaki na mawili. Mimi nilibaki na mawili mazuri."

"Na rais, Mukandori?"

"Rais gani? Mama, ulinipa mbegu mwezi wa kupanda."

Nikarudi kwa njia ndefu. Nilipita mashamba saba. Katika yote saba, kando ya maharagi ya chini, nimeona mistari midogo ya miti, tano tano, kumi kumi, na mbegu yangu ikipanda juu, majani makubwa, mazuri kabisa. Kalembe yote ilinipigia kura shambani, na mimi nilipeleka Goma kile walichotupa.

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyedanganya. Mimi njo nilisema wabaki na mawili. Mukulima gani hajui nini mutu anafanya akishika mbegu nzuri na mbegu mbovu, akaambiwa aache fungu moja? Ningekuwa mimi nyuma ya kitambaa, ningefanya vile vile. Miaka makumi tatu na tano ninalima, na sikuona, kwa sababu nilikuwa naangalia jina la mutoto wangu.

Hilaire ametengeneza mupini wa jembe. Kisha akasema yeye aliweka nyeupe. Nikafurahi, nikamwambia afazali mumoja alijibu kweli. Akatingisha kichwa. "Niliiweka kwa sababu tuna kikapu kizima nyumbani."

Alhamisi, tarehe 12

Nitamwambia yenga hii, Jumapili.

Jumapili, tarehe 15

Nimepanda kilima na maneno tayari. Nilikuwa nimeyapanga njiani: Guylain, mama amekosa, zile hesabu usizitumie. Simu ikashika, na yeye akaanza mbele yangu. Profesere ameweka jina lake juu ya majina ya wenzake. Zone yetu njo iligeuza hesabu ya jimbo, na jimbo njo liligeuza hesabu ya nchi. Bila sisi wangesema kama watu wote wanavyosema. Sasa wamepata jambo jipya. Ataisoma kwenye redio, na kura ikiisha atatetea kitabu chake cha kumaliza masomo mbele ya maprofesere, na wamekwisha kumuambia kuna nafasi ya musaidizi. Alikuwa anaongea kama vile alivyokuwa mudogo, bila kupumua.

Alipomaliza akauliza, "Na wewe, mama, ulitaka kusema nini?"

Nikasema avae koti la buluu.

Jumanne, tarehe 17

Mvua. Sikupanda kilima.

Jumamosi, tarehe 21

Mvua. Sikupanda.

Alhamisi, tarehe 26

Leo hakukuwa na mvua. Sikupanda.

Jumatano, tarehe 1 mwezi wa kumi na moja

Watakatifu wote. Kisha misa wamama waliuliza redio ni siku gani. Nikawaambia Jumapili ya tarehe 12, na kwamba tutasikiliza pamoja dukani kwa Kyakimwa, redio yake ina sauti. Kinywa changu kilisema chenyewe. Nimeandika hii nikiona haya hata ya kalamu.

Jumatatu, tarehe 6

Maharagi yangu nyeupe imetoa maua. Ya Mukandori pia. Alikuja kuniita nione. Nilikwenda, nikaangalia, nikasema ni mazuri. Aliniita dada.

Jumapili, tarehe 12

Tulikuwa makumi mbili na zaidi mbele ya duka, wengine wamekaa juu ya magunia. Redio ikataja jina lake lote na la baba yake. Hilaire hakukuja, alisema ana mitego ya kuangalia. Sauti ya mutoto ilikuwa nzuri, ya mutu mukubwa. Akaeleza sondaje, jimbo kwa jimbo, namna ya kupima. Kisha akasema, "Na huko Masisi na Walikale, kinyume cha maneno ya wengi, wakaaji wengi sana wanamutaka mugombea huyu," akamutaja kwa jina, yule wa nyeusi. Na akasema kwamba kwa hesabu hiyo, njo atakuwa rais.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kicheko. Hawakucheka. Wamama waliangaliana, kisha wakaangalia miguu yao. Mumoja alianza kukunja kitenge chake kisichokuwa na kosa. Wakati ule nikajua kwamba kila mumoja wao alikuwa anakumbuka mukono wake ndani ya bido. Wakanipongeza mumoja mumoja, kwa adabu, kama watu wanaotoka kwenye kilio.

Nilibaki na Kyakimwa. Alikuwa anapima chumvi, haniangalii.

"Mama Guylain, mutoto anajua?"

"Anajua nini?"

"Sawa," akasema. Akafunga chumvi. Kisha akasema pole pole, bila muchezo wake wa siku zote, "Mimi mwenyewe niliweka zile mbovu. Mimi ni mutu wa kuuzisha mbegu, unafikiri nitatupa mbegu? Nilifikiri ni zawadi, na ile ya bido ni desturi tu ya kazi. Ungeniuliza, ningekuambia."

Sikumuuliza. Sikuuliza mutu yeyote. Nilikuwa nimeshugulika kuwaambia.

Jumatatu, tarehe 13

Sikutoka nyumbani.

Jumapili, tarehe 26

Nimepanda kilima, Guylain ameita. Anasema watu wanamusimamisha njiani Goma, wengine kumupongeza, wengine kumutukana. Anasema, "Kama ni kweli, itaonekana." Nikajibu ndiyo. Hiyo ni ndiyo yangu ya pili. Ya kwanza niliisema bila kujua.

Alhamisi, tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili

Kuondoa majani. Mvua.

Jumatano, tarehe 20

Siku ya kura. Sisi wa upande wa Walikale tulitoka asubuhi, tukasimama mustari hadi saa kumi. Nimempigia yule wangu wa punje nyeupe. Katika mustari, mbele na nyuma, watu walikuwa wanasema jina lake bila kuficha. Nilisikia labda mara mia. Jina la yule wa nyeusi nilisikia mara mbili, moja ilikuwa utani.

Nikirudi nikamukuta Mukandori na wenzake wa Masisi wakipalilia nyuma ya hema, kama siku yoyote. Nilimuuliza kama hakuumia kukaa wakati wengine wanapiga kura. Akafikiri. Akasema, "Mimi nilipiga. Ile yako ya maharagi njo ilikuwa kura yangu." Alisema bila uchungu, anaendelea kungoa majani.

Kaye, tangu mwezi wa kumi nilifikiri haya yangu ni ya mutoto na ya redio. Leo njo nimeona ukubwa wake. Huyu mama alikuwa na kura moja tu, na mimi nilimuweka achague kati ya hiyo kura na chakula cha watoto, nikaita hiyo asante.

Jumatatu, tarehe 25

Noeli. Nimepika. Hakuna mengine.

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa kwanza

Aliyeshinda siye yule Guylain alisema. Na kwetu, yule wa nyeusi hata hakukaribia.

Alhamisi, tarehe 4

Ameita mara moja tu, kwa sauti ya chini. Wenzake wanasema alinunuliwa. Wanasema alikaa Goma akapika hesabu, kwamba hakuna hata mutu mumoja aliyeulizwa Kalembe. Profesere amesimamisha kitabu chake, na kutakuwa na komisyo ya kumuhukumu. Akikosa ushahidi, watamuondoa karibu na mwisho, miaka yote ile bule. Alisema, "Mama, mimi nafanya hesabu tena na tena, sioni kosa." Kisha akasema anakuja.

Jumamosi, tarehe 6

Amefika kwa moto, na matope hadi kwenye magoti. Alisema pale Mubambiro, kisha kutoka Goma, aliteremka akapita kwenye kizuizi kwa miguu, askari mumoja akamutambua kwa jina akacheka. Amekonda. Koti la buluu alilibeba ndani ya mufuko, hakulivaa. Nimemuwekea ugali na jibini ya Masisi aliyoileta Kyakimwa bila kuombwa. Hakula.

Jumapili, tarehe 7

Kisha misa nilimuambia anifuate. Hilaire alitaka kuja, nikamukatalia. Nilimupeleka nyuma ya shule.

Maharagi ya Mukandori imekauka sasa, maganda yamejaa, yanapiga kelele kidogo upepo ukipita. Nikamuonyesha. Akasema, "Ni ya Mjomba, ile ya kupanda miti." Nikamuambia hesabu miti. Akahesabu ine, na kishimo kimoja ambapo kuku alifukua. Nikamuonyesha shamba la jirani: makumi mbili. La Emérita, anayesuka mikeka: kumi na tano, kwa sababu wako watatu nyumbani. Nilisikia akili yake ikifika pale mbele ya maneno yangu. Alisimama.

"Uliwapa punje tano," akasema.

"Tano za kila rangi. Na niliwaambia wabaki na mafungu mawili."

 Mukandori alikuwa mulangoni mwa hema, akaona uso wa Guylain, akaingia ndani.

"Ulijua tangu lini, mama?"

Kaye, nilikuwa na uwongo tayari. Nilikuwa nimeutengeneza tangu Alhamisi: nimejua juzi tu. Hakuna ambaye angenipinga. Hilaire hangesema. Lakini alikuwa anaangalia ile miti, na ile miti yenyewe ilikuwa na umri, mukulima yeyote angeusoma.

"Tangu tarehe 11 mwezi wa kumi. Niliandika."

"Uliandika wapi?"

"Ndani ya kaye yako."

Akaiomba. Nilimuletea. Akaketi juu ya jiwe la kufulia, kwenye jua, akaisoma yote, tangu pale nilipojisifu mwandiko wangu. Mimi nilisimama. Sikuthubutu kukaa. Nilimuona akifika kwenye maprofesere watatu. Nilimuona akifika kwenye koti la buluu, hapo akaweka kidole juu ya mustari, akakiacha. Mara moja tu alicheka kidogo, nafikiri ni pale baba yake aliposema ana kikapu kizima. Kisha hakucheka tena.

Alipofunga alisema, "Ulijua mwezi muzima mbele ya siku ya redio, mama."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza ulitaka kusema nini."

"Ndiyo."

Hizo njo ndiyo ya tatu na ya ine, na zilikuwa nzito kuliko zile mbili za kwanza.

Akaenda kutembea kando ya muto. Hilaire alimufuata kwa mbali.

Jumatatu, tarehe 8

Leo ameongea. Anasema kosa ni lake pia, hakuniuliza zile punje zingine zilienda wapi, mutu wa sayansi lazima aulize. Anataka kuandikia Profesere barua aseme kwamba yeye njo alitoa maagizo mabaya, jina langu lisiingie. Nilisema hapana. Nilimuambia nilipenda jina langu liingie wakati wa sifa, mbele ya kanisa nzima, basi liingie sasa. Aliniangalia. Alisema, "Utasema wewe, mbele ya watu?" Nikasema nitasema mimi.

Akapanda kilima. Amebeba kaye, nimeandika hii juu ya karatasi ya sukari, nitainakili baadaye.

Alhamisi, tarehe 11

Profesere Kataliko amejibu. Kwanza hakuamini, akauliza kama ni hadithi. Guylain akamusomea ukurasa wa tarehe 14 mwezi wa kenda na ule wa tarehe 11 mwezi wa kumi. Anasema yule mukubwa alicheka, kisha akasema kaye ya mama haitoshi, mama anaweza kuandika chochote kwa kuokoa mutoto. Wajumbe wawili wa komisyo watakuja Kalembe wenyewe Jumamosi ya tarehe 20, kwa njia ya Walikale. Wanataka kuona watu na kuona mbegu. Kama watu walioulizwa wapo, na mbegu ipo, kitabu kitarudishwa, na Guylain ataandika ndani yake sura moja ya kosa hili. Kama hawapo, basi.

Amenirudishia kaye. Alisema niendelee.

Ijumaa, tarehe 12

Nimeanza kupita nyumba kwa nyumba, zile zile nilizopita na bido. Kwa kila mulango nasema maneno yale yale: mimi mama ya Guylain, niliwapa mbegu na kuita hiyo kura, nilikosa, na nilijua, na nilinyamaza. Mutoto hakupika hesabu. Njooni mulete maganda machache, museme mliweka nini ndani ya bido na mlipanda nini.

Nyumba 31 leo. Sauti yangu iliisha kwenye ya kumi. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa rahisi zaidi kama wangenitukana. Papa mumoja muzee aliniuliza kama atapaswa kurudisha maharagi, kwa sababu wamekula. Nikamuambia alete ganda tupu.

Jumamosi, tarehe 13

Nyumba 44. Mvua.

Jumapili, tarehe 14

Kisha misa niliomba padri anipe nafasi. Nilisimama mbele ya wamama wale wale niliojisifia kwao uwanjani mwezi wa kenda. Nilisema yote, na ya koti la buluu pia, ambayo haikuwa ya lazima. Guylain alikuwa nyuma, mulangoni. Nilipomaliza Kyakimwa akauliza, kwa sauti ya kila mutu kusikia, "Na safari hii, hiyo ganda tukileta, tutarudi na kitu?" Wakacheka. Nikasema safari hii mutarudi mikono mitupu. Akasema, "Basi nitakuja, na nitakaa mbele."

Kule inje Mukandori alinishika mukono. Aliniambia amechagua maganda matano mazuri kabisa, hakuyapika, ameyafunga ndani ya kitambaa. Anataka kuuliza wale wakubwa wa Goma kitu kimoja: mwaka wa kura nyingine, watu wa Masisi watapata karatasi ya kweli? Nikamwambia aulize. Nikamwambia mimi nitakuwa nimesimama kando yake.

Guylain amevaa lile koti leo. Limekuwa kubwa kwake.

Nyumba zinazobaki 98, nitazimaliza kati ya kesho na Alhamisi. Mukandori na wa nyuma ya shule wote, Emérita na wawili wa kwake, Kyakimwa wa duka, Hilaire na ganda lake kutoka kikapu chetu, na wale wa ng'ambo ya daraja hata kama muto umejaa, wote 240 wawe mbele ya kanisa wajumbe wakifika, Jumamosi tarehe 20, saa tatu ya asubuhi.